Jinsi ya kuangalia chaneli za waifai kwenye Linux, bila kuhangaika na programu nzito

Wakuu, mnaokaa Ngamiani hapa Tanga mnajua hali ya saa mbili usiku ilivyo, nyumba zimebanana, kila nyumba ina ruta yake na wapangaji nao wamewasha hotspoti za simu, video inazunguka tu wakati bando lipo. Mtu anakimbilia kupiga huduma kwa wateja, kumbe mara nyingi shida iko hewani, ruta yako na za majirani ziko chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, na zinasubiriana zamu. Ndo waifai inavyofanya kazi, kifaa kinasikiliza kwanza, kikikuta mwenzake anaongea kinanyamaza mpaka amalize.

Sasa kama laptopu yako ina Linux, kujua chaneli gani imejaa ni kazi ndogo sana, na nawaomba msianze kudaunlodi Kali (Linux ya kupima usalama) wala Kismet (programu ya kunasa mawimbi ya waifai) kwa ajili ya hili, zile zina kazi nyingine. Kitu cha kwanza tayari unacho. Ubuntu, Mint, Fedora na nyingine nyingi zinaendesha mtandao kwa NetworkManager, na yenyewe inakuja na amri inaitwa nmcli. Fungua terminali uandike:

nmcli -f IN-USE,SSID,CHAN,SIGNAL dev wifi list --rescan yes

Ile rescan mwishoni usiiache, bila hiyo unaweza kuletewa orodha iliyokusanywa muda kidogo nyuma. Yenye nyota ndo uliyounganishwa nayo, SSID ni jina la mtandao, CHAN ni chaneli, SIGNAL ni nguvu kuanzia 0 hadi 100. Kwa watu wengi hapa panatosha kabisa.

Kazi iko kwenye kusoma, na hapa ndo wengi wanapotea. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 utaona chaneli 1 mpaka 13 ukadhani una nafasi 13, hapana. Chaneli na chaneli zimeachana megahezi 5 tu wakati ruta inakula upana wa megahezi 20, kwa hiyo aliyekaa chaneli 3 anamgusa wa 1 na anamgusa wa 6 pia. Zisizogusana ni 1, 6 na 11, chagua hapo tu. Ukiona ya 4 iko tupu usiifurahie, maana ukiwa chaneli moja na jirani mnasikilizana na kupeana zamu, ila ukimgusa nusu nusu anakuwa kelele tu kwako na wewe kelele kwake, hakuna anayemwelewa mwenzake. Alafu usihesabu majina peke yake, ruta tano za mbali zenye signali 15 hazikusumbui kama moja ya chumba cha pili yenye 90.

Ukitaka kuingia ndani zaidi kuna amri nyingine inaitwa iw. Andika iw dev upate jina la kadi yako, tuseme wlp2s0, kisha:

sudo iw dev wlp2s0 scan | grep -E 'SSID|freq|signal|utilisation'

Hapa nguvu inakuja kwa dBm, namba hasi, -45 ni jirani kabisa na -85 ni wa mbali. Chaneli haiandikwi, unaisoma kwa masafa: 2412 ni chaneli 1, 2437 ni 6, 2462 ni 11. Ninachoipendea ni ule mstari wa utilisation, sio kila ruta inautangaza ila inayoutangaza inakwambia chaneli imeshikwa kiasi gani kati ya 255, ukikuta 200 ujue karibu asilimia 80 ya muda kuna mtu anaongea. Orodha ya majina haiwezi kukwambia hivyo, maana kuna ruta nyingine imewashwa tu na hakuna anayeitumia.

Usiyependa maandishi matupu, sudo apt install wavemon kwenye Ubuntu, Mint au Debian, uifungue kwa sudo wavemon ubonyeze F3, inakaa inaskani yenyewe, nzuri kwa kuzunguka na laptopu kuanzia sebuleni mpaka uani. Anayetaka picha ya milima ya rangi achukue LinSSID, nayo iko humo humo kwenye apt. Maelezo ya zamani yatakwambia utumie iwlist, achana nayo, iw imeshachukua nafasi yake.

Skani usiku watu wakiwa nyumbani, ya mchana itakudanganya. Ukishachagua andika ip route, namba inayofuata default via ndo anwani ya ruta, iweke kwenye brauza, pasiwedi mara nyingi iko kwenye stika chini ya ruta, badilisha chaneli kutoka Auto na upana uweke megahezi 20, sio 40, maana 40 kwenye mtaa uliobanana unawaumiza majirani na wewe mwenyewe. Walioko Raskazone kwenye viwanja vikubwa Auto inaweza kuwatosha.

Na kama ruta yako ina gigahezi 5 hamishia huko vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta, chaneli 36, 40, 44 na 48 hazigusani zikiwa na upana wa 20. Ukuta ndo adui wake, kwa hiyo simu ya chumba cha nyuma iache kwenye 2.4, kisha kesho yake saa ile ile ya usiku rudia nmcli ulinganishe.