Kutunga muziki wa filamu: onyesho moja la mwaloni, hatua kwa hatua

Vijana wanaonipigia simu wakitaka kujifunza kazi hii huanza na swali lilelile: "Kaka, ninunue kinanda gani?" Kinanda kitakuja baadaye. Nitakuonyesha kwa onyesho moja nililolitungia muziki, lisilofika hata dakika 2: mama yuko mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, Kirumba jijini Mwanza, alfajiri, anausubiri mtumbwi wa mwanawe uliokwenda kuvua dagaa. Ukiweza hilo, tamthilia ya vipindi 26 ni kazi ileile, ila usingizi unapungua.

Hatua ya 1: Subiri picha ifungwe

Picha iliyofungwa ni ile ambayo mhariri ameapa hataikata tena. Mwombe nakala yenye saa inayotembea pembeni mwa picha, ikionyesha dakika, sekunde na fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda sekunde. Muulize ni fremu ngapi kwa sekunde. Televisheni zetu huenda na 25, sinema nyingi huenda na 24, na wengine wanapiga kwa simu wakipata 30. Programu yako uipange vivyo hivyo, la sivyo mtatajiana namba zisizolingana.

Sauti iweke kwenye vipimo 48,000 kwa sekunde, ambavyo ndivyo vya kazi za video. Ile 44,100 ni ya CD. Faili la 44,100 likisomwa kimakosa kama 48,000, muziki unakimbia na sauti inapanda, na zeze la mzee linageuka la mtoto. Programu yoyote yenye dirisha la video inafaa. Mimi natumia Reaper, programu ya kurekodi muziki.

Hatua ya 2: Kaa na mwongozaji, amueni pa kunyamaza

Hapa ndipo pesa yako inapopatikana, na hapa ndipo wengi wanaparuka. Kaeni wawili, mtazame filamu nzima bila ala yoyote mezani, daftari tu mkononi. Kila mnapotaka muziki, andika unapoanzia, unapoishia, na sababu yake. Sababu ikikosekana, futa.

Kwenye onyesho letu mwongozaji alitaka zeze lianze kulia tangu fremu ya kwanza, "kwa sababu mama ana wasiwasi." Nikamwambia, bosi, wasiwasi tunauona usoni kwake. Muziki ukituambia tena, tutamchoka mama kabla mtumbwi haujafika. Na mwaloni alfajiri una muziki wake: maji yanapiga ubavu wa mitumbwi, kunguru, injini ikikohoa mbali gizani. Tukakubaliana kwamba mwanzo wote liwe ziwa peke yake. Mama anasikia injini kabla sisi hatujauona mtumbwi, anatua ndoo chini. Muziki uanzie kwenye ile ndoo.

Jambo jingine la kuchunga ni muziki wa kuazima, ule ambao mhariri anauweka kwa muda ili apate mwendo wa kukatia. Mwongozaji akishausikiliza mwezi mzima, ameuoa. Muulize anapenda nini ndani yake, kasi, ala au ukimya, kisha uufunge usiusikie tena. Ukiuiga, wa kwanza kushtakiwa ni wewe.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Kuanzia ndoo inapogusa ardhi hadi mtumbwi unapogusa mchanga zilikuwa sekunde 38 na fremu 10. Fremu 10 kati ya 25 ni sekunde 0.4, hivyo jumla ni 38.4. Nilitaka ngoma ya kwanza ipige palepale mtumbwi unapogusa.

Gawanya 60 kwa kasi, utapata urefu wa pigo moja. Kasi ya 75 kwa dakika inakupa pigo la sekunde 0.8. Sasa 38.4 gawanya kwa 0.8 ni mapigo 48 kamili, yaani mafungu 12 ya mapigo manne manne. Mtumbwi unatua kwenye pigo la kwanza la fungu la 13. Haikuwa bahati, nilijaribu 70, 72 na 74 kwanza.

Wiki moja baadaye mhariri aliyeapa akakata fremu 14 bila kuniambia. Ngoma ikawa inapiga zaidi ya nusu sekunde baada ya mtumbwi kutua, mtu akadhani kuna aliyeanguka majini. Dawa haikuwa kutunga upya. Umbali mpya ulikuwa sekunde 37.84, na mapigo 48 ndani yake yanahitaji kasi ya 76.1. Sikio la mtazamaji halitambui tofauti ya 75 na 76. Nikabadilisha namba, nikarudia kurekodi zeze.

Hatua ya 4: Rekodi ala ya kweli kwanza

Nyuzi za zeze hazifungwi kwa kufuata kinanda. Mzee aliyenipigia alitoka Kisesa, na nilipomwonyesha kwenye kompyuta kwamba nyuzi zake ziko chini kidogo, akacheka: "Mjukuu wangu, hicho kinanda chako ndicho kimepotea." Alikuwa na haki. Mrekodi mpigaji jinsi alivyofunga, kisha shusha au pandisha ala za kompyuta zimfuate yeye. Ukimnyoosha yeye, unabaki na zeze linalosikika kama simu.

Jua pia unachokipiga. Mdundo wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ni wa majembe na shamba. Ukiuweka kwenye msiba kwa sababu tu umependa ngoma zake, mtazamaji wa Magu au Kwimba atacheka mahali ulipotaka alie. Uliza wenyeji, na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora hayako mbali na mjini.

Hatua ya 5: Pisha maneno

Mtu anapoongea, ala yenye sauti ya kimo chake inyamaze au ishike noti moja ndefu. Filimbi na zeze ndivyo vinavyogombana sana na sauti ya mwanamke. Kushusha sauti ya muziki wote hakusaidii, punguza noti. Mama anapomwita mwanawe, zeze langu linaacha kabisa, linabaki besi peke yake.

Hatua ya 6: Toa faili na karatasi

Toa zeze peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake, zote zikianzia sekunde ileile, ili mchanganyaji wa sauti aweze kupunguza kimoja bila kuua muziki wote. Ambatanisha orodha ya kila kipande: jina, muda kinapoanza, urefu, mtunzi. Mkataba unaosema nani anamiliki muziki usainiwe kabla ya hatua ya 1, nami nililijifunza hilo kwa machozi. Kazi isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania; Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakutambua mtunzi, lakini siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi.

Mwisho, weka onyesho kwenye simu ya kawaida na ulitazame mahali penye kelele. Mimi huenda kituo cha daladala. Pale besi yangu ilipotea yote, maana spika ya simu haitoi sauti nene, na mama akabaki anaita kwenye utupu. Nilirudi nyumbani nikaongeza noti ileile oktavu moja juu, kwa sauti ya chini sana. Kwenye spika kubwa huisikii, kwenye simu ndiyo inayobeba kila kitu.