Kumchagulia farasi tandiko na kumtandika

Farasi aliyenona kwa majani ya masika mwezi Mei hana mgongo ule ule ifikapo Oktoba, malisho yakiwa yamekauka huku kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Usa River hadi tambarare za Sanya. Nyama za mgongo zikipungua, tandiko lililokaa sawasawa hushuka na kugusa mwinuko wa mabega. Basi pima kwa mgongo wa leo, na upime tena msimu ukibadilika.

Ukinunua tandiko lililotumika, anza na kiunzi, ule mfupa uliofichwa ndani ya ngozi. Egemeza mbele ya tandiko kwenye tumbo lako, shika nyuma, uvute kuelekea kwako. Viunzi vyenye springi hunepa kidogo, hiyo si kasoro. Likijikunja katikati na ngozi ya kiti ikafanya makunyanzi, kiunzi kimevunjika: liache, hata ngozi yake iwe nzuri namna gani.

Umbo la mgongo unaweza kwenda nalo dukani. Laza waya laini juu ya mgongo, vidole viwili nyuma ya mfupa wa bega, uukandamize uguse pande zote mbili. Uchore kwenye katoni, ukate, kisha ulinganishe kipande hicho na mito ya chini ya tandiko upande wa mbele.

Halafu lijaribu bila blanketi. Juu ya mwinuko wa mabega pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na mpandaji akikaa bado nafasi iwepo. Mfereji kati ya mito uwe mpana vidole vitatu hadi vinne, mbele hadi nyuma. Tandiko lisipite ubavu wa mwisho. Farasi ana jozi 18 za mbavu. Nyuma ya hapo ni kiuno, na kiuno hakina mbavu za kubeba uzito. Pitisha kiganja chini ya mito: ukikuta pengo katikati, uzito wote unaangukia ncha mbili. Wengi hapa huongeza blanketi zito. Kama tandiko ni jembamba, blanketi hilo linazidi kubana.

Uzito nao uhesabiwe. Kipimo kinachotumiwa sana ni asilimia 20 ya uzito wa farasi, vifaa vikiwemo. Farasi wa kilo 400 abebe kilo 80. Tandiko likiwa na kilo 8, mpandaji asizidi 72.

Kabla ya kutandika, piga brashi mgongo na pale mkanda wa tumbo unapopita. Vumbi likichanganyika na jasho linakwangua kama msasa, na mbigiri mmoja tu kwenye blanketi unatosha kufanya kidonda. Simama kushoto. Weka tandiko mbele kidogo, juu ya mabega, ulitelezeshe nyuma mpaka litulie lenyewe. Likipitiliza, linyanyue uanze upya. Ukilisukuma mbele, nywele zinageuka chini yake. Vuta blanketi lipande ndani ya mfereji, lisikaze juu ya uti wa mgongo.

Mkanda wa tumbo ukae upana wa kiganja nyuma ya kiwiko. Kaza tundu moja moja, kwa zamu pande zote mbili. Saisi, yaani mtunza farasi, anayekaza kwa nguvu mara moja anamfundisha farasi kuuma na kujaza tumbo. Nyoosha kila mguu wa mbele ili ngozi iliyokunjika itoke, mtembeze, kaza tena kabla ya kupanda, na ukague baada ya dakika 10.

Ukitandua, soma jasho. Mito iache unyevu sawa kushoto na kulia, na mstari wa katikati uwe mkavu. Kiraka kikavu ndani ya sehemu iliyolowa ni dalili ya mgandamizo; ukiendelea, nywele huota nyeupe. Mwisho bonyeza kwa vidole pande zote mbili za uti wa mgongo. Akididimiza mgongo au akilaza masikio nyuma, kesho asitandikwe.