Namna ya Kuzifufua Dawa za Homeopathi za Kimarekani Zilizosahaulika

Anza na dawa moja tu. Edwin Hale, daktari wa homeopathi (tiba inayotumia dawa zilizozimuliwa mno) aliyechapisha kitabu chake cha dawa mpya za Marekani mwaka 1864, aliacha orodha ndefu mno, na anayetaka kuimaliza yote huishia kukariri majina matupu. Gelsemium na Hydrastis zinajulikana vya kutosha. Chagua isiyotajwa sana, mathalani Helonias, Epigaea au Ptelea, ukae nayo majuma kadhaa.

Hakiki jina kwanza, kwa kuwa wataalamu wa mimea wameyabadilisha mengi: Helonias dioica ya vitabu vya zamani leo ni Chamaelirium luteum, na Leptandra virginica ni Veronicastrum virginicum. Usipoyalinganisha, utasoma habari za mmea mmoja ukidhani ni miwili.

Kisha fungua ensaiklopidia ya dawa ya Timothy Allen, daktari mwingine wa homeopathi, yenye majuzuu 10, ambayo ilianza kutoka mwaka 1874. Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo ninapokusihi usiwe na haraka. Mwanzoni mwa kila dawa wametajwa walioijaribu, yaani watu wenye afya walioimeza na kueleza dalili walizozipata, mara nyingi pamoja na kiasi walichomeza, na kwenye dalili huwekwa tarakimu ndogo inayokurudisha kwa mtu aliyeipata. Zifuate tarakimu hizo moja baada ya nyingine, kalamu mkononi. Ukikuta dalili nyingi zinarudi kwa mtu mmoja aliyekunywa matone ya mmea usiozimuliwa, ujue kwamba msingi wake ni mwembamba. Hale naye aliingiza mengi kutoka kwa matabibu wa mitishamba, ambao baadhi ya maarifa yao yalitoka kwa wenyeji asilia wa Marekani. Maelezo hayo nayathamini sana, ila yaandikwe katika safu yake, mbali na majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye afya.

Mmea wenyewe usiuonje: Phytolacca na Sanguinaria zina sumu. Tena, dawa iliyozimuliwa hadi 12C (sehemu moja kwa mia, mara kumi na mbili mfululizo) au zaidi haitarajiwi kubaki na molekuli hata moja ya mmea, na sayansi haijathibitisha kwamba inaponya. Kwa hiyo daftari lako ni la kuhifadhi historia, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Mwisho, andika ukurasa mmoja kwa kila dawa: jina la kale na la sasa, sehemu ya mmea iliyotumika, waliojaribu, kiasi walichomeza, na dalili zilizojirudia kwa zaidi ya mtu mmoja.