Mto wa sufi, chafya za alfajiri na kifua kisicho na pumu

Mimi sina pumu. Nilipimwa Tanga hapa, nikapuliza mpaka macho yakanitoka, nikaambiwa mapafu mazima, una aleji ya pua tu. Hilo "tu" lilinichelewesha sana.

Pua na mapafu ni njia moja. Pua huchuja vumbi, huipasha hewa joto na kuitia unyevu. Ikivimba ukahema kwa mdomo, vumbi linateremka kama lilivyo. Tena chafya huja papo hapo, lakini wimbi la pili hufika baada ya saa kadhaa. Nauza mashuka na mapazia ya mtumba. Nikifungua belo asubuhi, kikohozi kikavu kinanikuta jioni nakaanga samaki, nami nalaumu moshi.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika umeshika nini, chafya saa ngapi, kikohozi saa ngapi. Ukipata kuazima kifaa cha kupimia nguvu ya pumzi, puliza mara tatu asubuhi na jioni, uandike namba kubwa, kwa wiki mbili. Yangu ilikuwa 400 (lita za hewa kwa dakika) siku za kawaida, 380 siku za belo. Si pengo la pumu hilo, ila kifua kilikuwa kimeshapata habari.

Sasa belo nalifungulia nje, upepo ukiwa mgongoni, barakoa usoni. Basi.

Kumbe kibaya zaidi kilikuwa kitandani. Chafya kumi na zaidi kabla ya adhana ya alfajiri, kila siku, belo liwepo lisiwepo. Nilikuwa nalalia mto wa sufi wa marehemu bibi. Nikaupiga kofi mbele ya dirisha lenye jua: likatoka wingu! Humo wanaishi utitiri wa vumbi, wadogo hata huwaoni, wanakula ukoko wa ngozi zetu na kupenda unyevu, na pwani unyevu tunao wa kugawa. Kinacholeta aleji zaidi ni mavi yao, kwa hiyo kuanika juani peke yake hakutoshi. Lazima ufue.

Shuka na foronya fua kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 hivi. Sina mashine, nachanganya maji yanayochemka na ya bomba nusu kwa nusu, nageuza kwa mwiko, naacha yaloweke. Mto wa sufi haufuliki, unaganda mabonge. Nunua unaofulika. Wa bibi nimeufunga kwenye nailoni juu ya kabati, kuutupa nimeshindwa. Sakafu piga deki, usifagie kavu.

Ukiandikiwa dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kutuliza uvimbe, inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia uhudumie tundu la kushoto, uelekeze upande wa sikio, si katikati. Usivute kwa nguvu, itaishia kooni. Kila siku, hata ukijisikia mzima. Nafuu kamili huchukua hadi wiki mbili. Matone ya kuzibua pua usipitishe siku tano, pua itaziba kuliko mwanzo. Piriton nayo, kidonge cha aleji, ilinilaza juu ya mashuka ya wateja.

Kifua kikianza kupiga filimbi, kikakubana usiku ukaamka, au ngazi zikakukatisha pumzi, rudi ukapimwe upya. Aleji ya pua huweza kuzaa pumu baadaye, na kipimo cha zamani hakikulindi.