Kupanda Kahuzi mu mvula na ukungu: namna ya kujipanga

Batu ba Bukavu tunaangaliaka mlima Kahuzi toka mbali, asubui yote imefunikwa na ukungu, na tunajiambia kule ni ka baridi kadogo tu. Si kweli. Mji wetu uko karibu metre 1.500, kilele cha Kahuzi ni metre 3.308, na kila metre 1.000 unapanda joto inashuka digri 6 hivi. Piga hesabu: kama hapa mjini Kadutu iko digri 20, kule juu ni 9, na bado hatujaweka upepo na nguo ya kulowana.

Mbele ya yote, ulizia parke ya Kahuzi-Biega kama njia iko wazi na usalama iko namna gani, ju inabadilikaka, na bila gidi, mwenye kuongoza njia, usijaribu. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 mvua inapunguka, lakini ukungu iko pale tu.

Suruali ya jean acha nyumbani. Jean na tishati ya pamba ikilowa haikauke tena ile siku, inabaki inakunyonya joto mpaka jioni. Pulovere moja na soksi mbili za kukauka weka mu sashe ya plastiki, ile sashe weka mu sashe ingine, funga fundo, na usifungue hata baridi ikupige namna gani, ni ya pale mutasimama kula. Uanze polepole sana, hata vijana bakucheke, ju jasho chini ya koti ya mvua inalowesha sawa tu na mvua yenyewe.

Mu pori ya bambu (mianzi) njo kazi iko. Bambu ya kulala njiani ikilowa inateleza kama sabuni, usikanyage juu yake, kanyaga pembeni hata kama potopoto inaingia mu bote. Na usishike ile ya kukauka, inavunjika na inakata mikono.

Ukungu ikifunga, mwenye kutembea mbio akae nyuma ya wengine, mwenye kuchoka akae mbele karibu na gidi, na kila mara muhesabiane. Haumuone mwenzako? Simama, ita, usikimbie kumufuata.

Saa saba ya mchana mukiwa bado hamujafika, rudini, ju saa kumi na mbili giza inaingia na kushuka njo kunavunja magoti. Hata hivyo na ukungu ile juu hauone hata ziwa, sasa umepoteza nini? Ukisikia radi, toka kwa kilele mbio, Kivu yetu ni kati ya sehemu za dunia zinapigwaka na radi sana.

Muangaliane pia. Mutu anatetemeka, kisha anaanza kusema maneno mazito mazito, anajikwaakwaa: mutoe nguo ya kulowa, mupe ile pulovere, chai ya sukari. Akiacha kutetemeka na bado iko baridi, hiyo ni mbaya zaidi, hakuna kungoja, mushuke naye. Na kanyanga, ile pombe kali, hapana kabisa, inakudanganya tu: inaleta damu karibu na ngozi, joto inatoka.

Kushuka tumia fimbo, kaza kamba za viatu ndiyo vidole visigonge mbele. Na shofa mwenye kuwangojea Tshivanga, kwa kituo cha parke, mumupe sashe atandike kwa viti mbele mupande, la sivyo bei itabadilika.