Anapotupa vizibo: mfundishe kuomba kupumzika

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi hapa Moshi. Nilisomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na jambo moja la kule lilinichukua muda kuliamini: mtoto hasumbui bure, kuna anachokipata.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kukemea. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini, kisha ikawaje. Jaza wiki nzima. Usiandike "mkorofi", andika "alipiga meza mara tatu, saa 4:10".

Kama tabia imeanza ghafla, muulize kwanza mzazi kuhusu usingizi, sikio, jino, au dawa za kifafa kama anatumia. Jino bovu halitibiwi kwa nidhamu.

Hatua ya 2: Soma safu ya tatu. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na mvulana wa miaka 10 mwenye usonji, haongei. Kila tukianza kuhesabu anatupa vizibo vya soda tunavyohesabia, nami namtoa nje akakae chini ya mwembe. Daftari likanionyesha: mara saba kwa wiki, na kila mara hesabu zikaishia hapo. Kumbe adhabu yangu ndiyo ilikuwa zawadi yake.

Hatua ya 3: Mpe njia nyingine ya kupata kilekile. Nilikata kadi kwenye boksi la biskuti, nikachora mkeka. Nikiona anaanza kusokota kola ya shati, naweka kadi karibu na mkono wake. Akinipa, anakwenda mkekani dakika mbili. Simu niliyotegesha ikilia, anarudi kwenye vizibo vilevile, hata viwe vitatu tu. Asiporudi, umembadilishia mlango wa kutorokea, basi. Siku za mwanzo mkubalie kila anapoomba, hata mara kumi. Utachoka. Baadaye ahesabu viwili ndipo apate kadi, kisha vitano.

Hatua ya 4: Akitupa, punguza maneno. Sogeza wenzake, mwonyeshe kadi, nyamaza. Mwanzoni atazidisha, maana njia ya zamani ilikuwa inamlipa. Walimu wengi hukata tamaa hapa na kurudia fimbo.

Hatua ya 5: Nyumbani. Bibi yake aliniambia, "Mwalimu, unamdekeza huyu." Sikubishana naye. "Bibi, nakuomba uitundike tu jikoni," nikampa kadi ya pili. Wiki iliyofuata akaja mwenyewe: wageni walijaa sebuleni, mjukuu akaenda kuichukua, akamwekea mapajani.

Tengeneza kadi tatu nne kwa mpigo, uzifunike kwa selotepu. Zinatafunwa.