Kujenga kafe resa kwa Honda CG kuukuu: kazi ya Walukuba, milioni moja na kitu

Habari za leo, mafundi na wapenzi wa pikipiki. Wengi waliopita gereji kwangu hapa Walukuba, Jinja, wameniuliza ile Honda nyeusi nimeinunua wapi. Sikuinunua hivyo, niliijenga. Wiki hii mvua imetufungia kazi, basi nimekaa niandike hatua zote, pamoja na pale nilipoharibu.

Kwanza tuelewane maana. Kafe resa zilianza Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa London walikutana kwenye mikahawa ya barabarani, Ace Cafe ukiwa mmojawapo, na pikipiki zao za kila siku walizozipunguzia uzito: usukani umeteremshwa, vikanyagio vimerudishwa nyuma, madigadi yamekatwa. Walitafuta maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Sisi wenye injini ya cc 124, hiyo mia tuwaachie wenyewe. Tunachochukua ni umbo: mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo wa chini wa tangi mpaka ncha ya kiti. Mstari huo ukipinda, hata upake rangi ya dhahabu, umejenga boda iliyovuliwa nguo.

Hatua ya 1: Kutafuta pikipiki

Mimi nilichukua Honda CG125. Honda waliitoa katika miaka ya 1970 wakilenga nchi ambazo oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka, kwa hiyo valvu zake zinasukumwa na fimbo, haina cheni ya kamu ya kukulegezea kichwa. Wachina wakaja kuinakili injini hiyo kwa wingi, na faida ni yetu: ringi, gasketi, sahani za klachi, vyote utavipata soko la spea la Kisekka pale Kampala bila kubembeleza mtu.

Yangu ilikuwa imelala nyuma ya nyumba ya bwana shamba mmoja mstaafu upande wa Kamuli. Kuku alikuwa anatagia juu ya kiti. Tuliafikiana shilingi 650,000 za Uganda, mayai yakabaki kwake.

Kabla hujatoa pesa, omba logibuku, yaani kitabu cha umiliki, na ulinganishe namba ya chesi na ya injini kwa macho yako, si kwa maneno ya muuzaji. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole, piga kiki. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, injini ina uhai. Halafu chunguza shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Ukiona rangi imepasuka kama uzi, hiyo fremu imeshapigwa. Iache.

Hatua ya 2: Kufungua

Piga picha kila upande kabla ya kugusa spana. Bolti za kila sehemu ziingie kwenye chupa yake ya soda iliyokatwa, uandike kwa kalamu ya wino mzito. Basi.

Hatua ya 3: Mkia na kiti

Hapa ndipo watu wanapoharibu, nami nikiwamo. Mara ya kwanza nilikata fremu kwa jicho. Nikachomelea upinde, lile bomba lililokunjwa linalofunga ncha ya nyuma ya fremu, nikafunga tairi, ikapendeza kweli. Siku ya kwanza kwenye mashimo, tairi ikapanda ikakwaruza upinde, moshi wa mpira ukanijia puani. Nikarudi kukata upya.

Fanya hivi. Simamisha pikipiki kwenye stendi, uisawazishe kwa pima maji. Funga uzi chini ya tangi, uvute nyuma hadi juu ya tairi. Huo uzi ndio bosi wako mpaka mwisho. Kisha toa shokapu zote mbili, inua gurudumu la nyuma mpaka lifike pale shokapu ingefikia ikikandamizwa kabisa, ulishikilie kwa kipande cha mbao. Sasa pima: kati ya tairi na pale upinde utakapokaa ziwepo sentimita 4 au zaidi. Kata boksi gumu kwa umbo la kiti, liweke, rudi nyuma hatua kumi, utazame. Mimi boksi langu lilikaa siku tatu kabla sijawasha grinda. Usikate kamwe mbele ya mashikio ya shokapu.

Upinde unatokana na bomba la chuma lenye unene sawa na la fremu. Kama huna mashine ya kukunja, jaza bomba mchanga mkavu, ziba pande zote, lipashe moto na ulikunje taratibu kuzunguka rimu ya zamani. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Pale linapokutana na fremu, ingiza ndani kipande cha chuma kinachobana, kisha ndipo uchomelee. Ukichomelea juu juu tu, utakuja kukalia barabara. Na utoe betri kwanza, umeme wa kuchomelea unaua vifaa.

Kiti nilikata bati la mlango wa friji lililokufa. Sponji ni tabaka mbili, ngumu ya kiti cha taksi chini, laini juu, halafu fundi wa makochi akashona ngozi bandia kwa 70,000.

Hatua ya 4: Usukani na vikanyagio

Usukani wa chini wa dukani ni mzuri, lakini bei yake inauma. Nilipata wa mtumba kwa 50,000. Hata ule wa asili ukiugeuza juu chini unaweza kufaa, mradi ukiukata kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, vidole vyako visibanwe kwenye tangi. Jaribu na injini ikiwa inanguruma: ukigeuza usukani na injini ikapandisha yenyewe, kebo ya mafuta imevutwa. Kebo ndefu iliyojikunja nayo ni hatari, itengenezwe fupi.

Vikanyagio usinunue. Vile vya abiria viko tayari nyuma na vina shikio lake kwenye fremu. Kazi ni kuhamisha pedeli ya breki na mkono wa gia. Breki ni rahisi, ni fimbo fupi tu. Gia inataka fimbo yenye jointi mbili, na hapa angalia mkono unaelekea wapi. Mimi niliuelekeza kinyume, gia zikageuka. Wiki nzima nikitaka kupanda ninashuka, injini inalia kama mbuzi.

Hatua ya 5: Tangi

Nisikilizeni kwa hili. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani kumebaki mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Nilipokuwa kijana nilichomelea tangi nililoamini limekauka tangu zamani. Lililia "buu!", mfuniko ukaruka ukagonga bati la paa, nyusi zangu zote zikaondoka. Nilibahatika. Sasa naosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto mara tatu, halafu najaza maji mpaka karibu na tundu ninaloziba, pabaki nafasi ndogo tu. Kama huna uzoefu, mpe fundi wa rejeta.

Kutu ya ndani: weka konzi ya nati ndogo, mwaga siki, tikisa, acha usiku mzima, tikisa tena. Suuza, pitisha maji ya magadi kuua ukali wa siki, kausha juani, kisha mimina oili kidogo uizungushe ndani siku hiyo hiyo. Ukichelewa mpaka kesho, kutu imerudi.

Hatua ya 6: Injini na hewa

Ringi mpya, gasketi mpya, sili mpya. Valvu ziwekwe 0.08 mm injini ikiwa baridi. Plagi kati ya 0.6 na 0.7 mm.

Picha nyingi za kafe resa zinaonyesha kabureta wazi, bila eyaklina, yaani chujio la hewa. Huku kwetu, kwa vumbi la maramu, huo ni ujinga. Vumbi likiingia, ringi ulizonunua jana zinasagika kama unga. Weka eyaklina ndogo ya koni inayobana vizuri. Lakini jua kwamba ukitoa boksi la zamani hewa inaongezeka, petroli inapungua, injini inachemka. Panda jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, iwe kubwa kwa namba moja au mbili, endesha kilomita kadhaa, zima ghafla, toa plagi uisome. Nyeupe, injini ina njaa ya petroli. Nyeusi yenye masizi, imeshiba mno. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo tunayoitafuta.

Hatua ya 7: Breki, tairi, umeme

Hapa usibanie. Tairi mbili mpya 140,000, viatu vya breki 20,000, cheni na sproketi 55,000. Rangi ingoje, hizi haziwezi kungoja. Waya nilizipunguza zote zisizo na kazi, nikaweka fyuzi moja ya ampea 10, betri ndogo ikafichwa chini ya nundu ya kiti.

Mwisho wa yote, pamoja na rangi, kuchomelea na vikorokoro, nilifika 1,340,000. Kazi yangu mwenyewe sikuilipa.

Kuijaribu niliondoka alfajiri, nikavuka daraja la Nile, nikaingia msitu wa Mabira. Najjembe, pale wanapouza kuku na gonja, nikasimama kukaza. Nati moja ya ekzosi ilikuwa imeshadondoka. Siku ya kwanza beba spana, usione aibu.

MASWALI YA WASOMAJI

Mdau wa Tororo: Fundi, mimi nina Boxer ya boda iliyochoka. Inaweza kuwa kafe resa au najisumbua?

Inaweza, ndugu yangu, na spea zake ni nyingi kuliko za Honda. Taabu yake ni tangi. Limevimba na limeinuka mbele, kwa hiyo ule uzi niliousema hautapata pa kushika. Tafuta tangi refu jembamba la pikipiki ya zamani, ulichongee mashikio. Na fremu ya boda ikague mara mbili. Imebeba magunia ya mkaa, imebeba watu wanne, ina siri zake.

Dada wa Arua: Kaka fundi, pole na kazi. Mimi ni mfupi, nafika chini kwa ncha ya vidole. Nikate springi za nyuma ishuke?

Asante dada. Usikate. Springi ikikatwa inakuwa ngumu na fupi, na tairi itakuja kwenye ule upinde kama ilivyonijia mimi. Punguza sponji, na kiti kiwe chembamba pale mbele kinapokutana na tangi. Mapaja yakikaribiana, miguu inashuka. Sentimita 3 utazipata hapo bila kugusa shokapu.

Mdau wa Kabale: Ssebo, nimefuata somo lako la jeti, nimeongeza mbili, lakini plagi inatoka nyeusi tii na pikipiki inakohoa ikipanda mlima.

Kosa ni langu, sikutaja milima. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Jinja hatupishani nayo sana. Wewe uko karibu mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo petroli ile ile inakuwa nyingi kwake. Rudisha jeti ya asili ujaribu. Ikibaki nyeusi, shusha sindano ya kabureta ngazi moja. Na siku ukishuka kuja kwetu urudishe ile jeti kubwa, la sivyo injini itachemka njiani.

Mdau wa Kampala: Afande wa trafiki atanipita kweli na kitu kama hicho?

Mimi wamenisimamisha mara tatu. Mara mbili walitaka kujua bei. Mara ya tatu ilikuwa kosa langu, nilikuwa sijafunga kioo cha upande. Acha taa zote zifanye kazi, vioo viwili viwepo hata vile vidogo vya mwisho wa usukani, namba ya nyuma isomeke na isifichwe chini ya kiti. Namba ya chesi usiiguse kwa grinda wala kwa rangi nzito. Ukibadilisha injini au rangi, logibuku ifuate, kwa sababu imeandikwa humo. Na helmeti, bila mjadala.

Mzee wa Bugembe: Kijana, hiyo Honda ilikuwa nzima, ingebeba ndizi miaka kumi mingine. Umeikata ili ukae umeinama kama mgonjwa wa tumbo. Kwa nini?

Shikamoo mzee. Swali hilo hata mama watoto ananiuliza. Nikiwa mkweli, kwa kupenda tu. Lakini usihuzunike, sijatupa kitu. Vipande vyote nilivyokata viko kwenye gunia juu ya dari, na madigadi nimeyatundika ukutani. Kiti cha zamani nilikiweka nyuma ya gereji, na tangu juzi kuna kuku wa jirani ameshakihamia.